Saa ya Kula Bagamoyo

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, na safari iliyokuwa ikitumaliza kutwa nzima ndani ya basi ikawa ya saa nne hivi, watu wetu wa Chamwino, ambao wengi wao bahari waliijua kwa masimulizi na kwa picha za kalenda, wamepata nafasi ya kuiendea na kuitia miguu wenyewe, na kwa kuwa mimi nimezoea kushuka pwani kila mwaka, tangu zama za vumbi, sasa sipiti sokoni bila kushikwa mkono na mtu aliyekwisha kukata tiketi, ambaye baada ya kuniambia mbukwa, na kuniuliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua kwa utaratibu usiokubali haraka, huniuliza swali lile lile moja: "Mwalimu, nikifika huko Bagamoyo, nile wapi?"

Swali ni la haki, maana msafiri mwenye njaa hana subira ya falsafa. Walakini kila nikilitafakari naona limepotea njia, kwa sababu anayeliuliza anadhani kwamba katika mji mdogo wa pwani chakula kizuri kinakaa mahali, kama posta ikaavyo mahali, ukienda asubuhi unaikuta na ukienda jioni unaikuta, ilhali kwa nilivyoona mimi chakula cha pwani hupita, na kila kipitapo kina saa yake, na aliyeikosa saa hiyo anaweza kuketi katika kiti kizuri kuliko vyote mjini na asikipate. Mtu angeniuliza "nile saa ngapi?" ningemjibu kwa furaha na kwa kirefu; na kwa kuwa haniulizi, nimeona nijibu hapa gazetini.

Maarifa haya sikuyapata bure. Mara ya kwanza nilipolala Bagamoyo, miaka mingi iliyopita, niliingia saa tisa mchana katika hoteli moja yenye mapaa ya makuti na ukuta mrefu unaoelekea bahari, nikaletewa orodha ya vyakula iliyonikumbusha daftari la mahudhurio la darasa la watoto tisini, na kama ilivyo katika daftari hilo, majina yalikuwa mengi na waliohudhuria wachache. Nikachagua samaki wa kupaka. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, kivuli cha mnazi kikatoka upande mmoja wa meza kikaenda wa pili, ndipo alipoletwa samaki mkavu kama ukuni, ambaye bila ya shaka alikuwa amekaa katika friji siku nyingi kuliko nilizokaa mimi njiani, amepakwa uji wa manjano usiokuwa hata na harufu ya nazi, na ubavuni mwake chipsi ambazo sikuziagiza. Sikulalamika, maana kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba chakula hakitukanwi. Ila nilipoinua macho juu ya ukuta ule niliona, hatua hamsini tu kutoka pale nilipoketi, ngalawa zikiingia na watu wakizifuata majini hadi viunoni, na samaki ambao macho yao yalikuwa yangali maangavu wakimwagwa mchangani na kunadiwa kwa makelele, nami nimelipa fedha yangu ili nitengwe nao kwa ukuta.

Watu wa Chamwino hatuna haki ya kuwa wageni kabisa Bagamoyo. Katika karne ya 19, kabla ya reli yoyote, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na wapagazi waliopanda na majora ya merikani na kaniki na mafungu ya shanga, wakashuka na pembe za ndovu, walipokwisha kuvuka nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali waliingia nchi yetu wakiwa na kiu na njaa, wakatoa hongo kwa watemi wetu, wakauziwa maji, mtama, karanga na maziwa. Stanley alipita Mvumi, ambayo leo imo katika wilaya yetu, mwaka 1871 alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, naye kama wasafiri wengi wa zama zake aliondoka akinung'unikia ukubwa wa hongo hiyo. Nami huwa namwelewa, na huwa nawaelewa zaidi babu zetu, kwa kuwa mwenye maji katika nchi kavu ndiye apangaye bei. Wakati ule Bagamoyo ilikuwa lango la nchi. Wajerumani wakaifanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 serikali yao ikawa imehamia Dar es Salaam penye bandari ya kina, na reli ya kati walipoianza mwaka 1905 wakaianzia huko huko, mpaka ikafika Kigoma mwaka 1914. Na Bagamoyo, ambayo ufuko wake una maji mafupi yasiyoruhusu meli kubwa kusogea, ikaachwa na biashara kama ngalawa inavyoachwa na maji yakipwa. Utulivu huu unaowapendeza wageni wa leo, nyumba hizi za mawe zenye milango ya nakshi, mitaa hii ambayo saa saba ya mchana husikii humo ila kuku, ni utulivu wa mji uliopokonywa kazi yake, na nasema hivi ili msafiri asije akawadhania wenyeji kuwa ni wavivu. Kazi kubwa iliyowabakia ni ile ambayo hakuna serikali iliyoweza kuihamisha, nayo ni ya bahari.

Na Mgogo mwenzetu mmoja aliutambua mji huo mapema kuliko sisi. Hukwe Zawose, aliyelichukua zeze na ilimba ya Ugogo akavizungusha duniani, alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, akajenga huko, akazaa na kulea huko wanamuziki wa ukoo wake, na huko ndiko alikofariki Desemba 2003. Nadhani wali wa nazi aliula sana, na sauti yake ikabaki ya Ugogo.

Nirudi kwenye njaa yangu. Asubuhi ya pili, nikiwa na kinyongo, nilipita vichochoro vya mji mkongwe nikamkuta mama mmoja chini ya mwembe, ameketi juu ya kigoda mbele ya kikaango cha vitumbua, nami kwa ujinga wangu wa bara nikamwuliza kama ana wali na samaki. Akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto anayetaka jibu kabla ya somo.

"Shikamoo, baba," akasema kwanza, kunikumbusha kwamba nilikuwa nimeanza na tumbo badala ya salamu.

"Marahaba, mama. Samahani."

"Baba, saa hizi samaki wako baharini na mchele uko guniani. Saa hizi ni vitumbua na mbaazi. Kaa unywe chai. Wali uje adhuhuri, na usichelewe, maana mimi sina friji."

Neno hilo, kwamba hana friji, alilisema kwa kuomba radhi, nami miaka yote hii nimelishika kuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo mpishi wa pwani anaweza kujipa. Mpishi asiye na friji hana budi kununua leo, kupika leo na kumaliza leo. Hawezi kukudanganya kwa jambo ambalo saa zenyewe hazimruhusu. Vitumbua vyake vilikuwa vya mchele uliorowekwa usiku na kusagwa alfajiri, ukatiwa tui, iliki na hamira kidogo, ukaumuka wakati watu wanasali, na mbaazi zake zilikuwa zimelala motoni katika nazi mpaka zikawa laini kama siagi. Na ilipofika saa tatu kikaango kilikuwa kimekwisha kuinamishwa ukutani, mwenyewe ameondoka na kapu lake kwenda pwani, na mtu aliyekuja akitafuta vitumbua aliambiwa na majirani, bila ya masikitiko, kwamba vitumbua vimekwisha.

Hapa inanibidi niingie baharini kidogo kwa ajili ya wasomaji wa bara ambao, kama nilivyokuwa mimi, wanadhani maji ya bahari hutulia mahali pamoja kama ya bwawa la Mtera. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji yakapanda sana na kushuka sana kwa tofauti ya mita 3 na zaidi, na baina ya bamvua moja na nyingine huwa kuna maji mafu, ambayo hayana nguvu ya kupanda wala ya kushuka. Katika pwani yetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kuanzia saa nne hivi ya asubuhi, mwamba ukawa wazi, na wanawake na vijana wakautembelea na vijiti vyao wakichokoa pweza katika mashimo. Kwa hiyo ukiuona mwezi mpevu juu ya minazi, jua ya kwamba kesho yake jioni pweza watakuwa wabichi na wengi. Dagaa mambo yao ni kinyume, maana huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi huwatawanya, hivyo siku za mwezi mkubwa wavuvi wao hushona nyavu na kulala usingizi. Tena kuna pepo: kusi linapovuma katikati ya mwaka bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na samaki huadimika; kaskazi inapoingia, tangu Desemba mpaka Machi, bahari hulainika na masoko hujaa. Mkulima wa uwele, ambaye maisha yake yote ameyapima kwa wingu, hana sababu ya kuyaona haya kuwa ni miujiza. Ni masika na kiangazi vile vile, ila pwani huja mara mbili kwa siku.

Alhasili samaki wa Bagamoyo hana saa iliyoandikwa ukutani. Siku moja ngalawa huingia na maji ya saa mbili asubuhi, wiki ijayo zikaingia na ya alasiri, na kati ya nyakati hizo chombo hulala ubavu mchangani mbali na watu, na mzigo ukaletwa mabegani. Anayetaka kula vizuri na ashuke kwanza kwenye soko la samaki, karibu na forodha ya zamani, hata kama hana nia ya kununua, atazame ni nini kilichoingia: changu, tasi, pono, kolekole, au siku ya bahati nguru na jodari, aangalie kama matamvua ni mekundu na macho yamejaa, kisha amwulize yeyote anayesimama hapo na kapu, maana huyo ndiye mpishi, au ni mume wa mpishi, au ni mtoto aliyetumwa na mpishi, ni wapi anapolipeleka kapu lile, na amfuate. Kama "wapi" inatafutwa kwa kila hali, basi hiyo ndiyo njia pekee ya kuipata ambayo haijanidanganya hata mara moja.

Adhuhuri ni saa ya wali, na hapa sababu ni nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha ikakamuliwa tui la kwanza lililo zito na tui la pili lililo jepesi. Mchele hupikwa kwa jepesi na zito likatiwa mwisho, na mchuzi hufanyiwa vivyo hivyo, taratibu, bila kuachwa ukachemka kwa ghadhabu, maana tui likichemshwa ovyo hukatika. Lakini tui halina umri. Katika joto la pwani lililokamuliwa saa nne huanza kuchachuka kabla ya magharibi, na kwa hiyo mwanamke wa Bagamoyo hupika wali kiasi cha watu anaowatarajia, na saa nane unusu, kama ni mpishi mwema, sufuria yake ni tupu. Wageni wengi huudhika wakiambiwa "wali umekwisha," hudhani wamenyimwa. Mimi nikilisikia neno hilo huweka alama moyoni mwangu, na kesho yake saa sita unusu nimo. Penye wali usiokwisha hata jioni nenda kwa hadhari.

Desturi ya wali na kitoweo pembeni yake si ya jana wala ya juzi. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisimulia jinsi huko Mogadishu alivyoandaliwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na maembe na tangawizi pembeni, akaongeza, kwa ustaarabu wa mgeni aliyeshiba, kwamba mtu mmoja wa huko alikula chakula cha watu wengi wa kwao. Mtu akiketi leo mbele ya sahani ya wali wa nazi, changu katika mchuzi, mchicha, na kipande cha ndimu na pilipili ya kusaga ukingoni, ataona kwamba kwa karibu miaka 700 orodha hii imeongezeka kidogo tu.

Baada ya alasiri mji huamka tena, na hapo hakuna anayeketi. Mihogo huchomwa juu ya mkaa, ikapasuliwa ikatiwa chumvi, ndimu na pilipili. Mishikaki huanza kutoa moshi. Bajia na kachori hutoka mafutani. Na kando ya njia husimama kijana mwenye meza ndogo, taa, kisu kikali na sufuria ya pweza, akikukatia vipande unavyochoma kwa kijiti, na kukupa kikombe cha supu yake ya moto ambayo wanaume huinywa kwa sababu inayojulikana na isiyotajwa mbele ya watoto. Rafiki zangu wa Chamwino niliowapeleka huko waliogopa kwanza kumwona mnyama mwenye mikono minane; nikawaambia ya kwamba mtu aliyelelewa kwa mlenda hana haki ya kuogopa kitu chochote kinachoteleza, na tangu hapo hawajaniruhusu kupita meza ile bila kusimama. Baada ya isha hubaki kahawa, chungu, katika vikombe visivyozidi ukubwa wa yai, na kashata ya nazi au ya karanga kuisindikiza, na mazungumzo ya barazani ambayo mgeni akiyasikiliza kwa adabu atajua kabla hajalala ni ngalawa ya nani itatoka usiku na itarudi na maji gani.

Katika mwezi wa Ramadhani hesabu hii yote hugeuka, na ni vema msafiri aijue mapema asije akawalaumu watu kwa ibada yao. Mchana vikaango viko ukutani. Jua likizama hutoka futari: tambi, mihogo na magimbi ya nazi, ndizi, kunde, uji wenye pilipili manga, na anayepita kwa salamu njema hukaribishwa mkekani kabla hajafikiri habari ya malipo. Sijala Bagamoyo vizuri zaidi ya hapo, na sikuulizwa dini yangu.

Sasa nije kwenye chipsi, ambazo wasomaji wengine wanangoja nizitukane. Sitazitukana kwa ugeni wao, maana mwenye kuanza kuhesabu ugeni jikoni hatamaliza: mahindi, muhogo, karanga, nyanya na pilipili kali, vyote vilitoka Amerika na vilifika pwani hii baada ya Wareno, kama kiazi chenyewe kilivyotoka huko huko, na tungeviondoa vyote hivyo mezani, Mgogo angebaki na uwele wake na mpwani na nazi yake, wakatazamana. Hoja yangu juu ya chipsi ni kwamba hazina saa. Chipsi za saa mbili asubuhi na za saa tano usiku ni zile zile. Za Bagamoyo na za Dodoma ni zile zile. Hazijui bamvua wala kusi, hazijui kama leo ngalawa zimerudi na mzigo au zimerudi tupu. Kijana wa Chamwino anayesafiri masafa yote yale, akashuka garini Bagamoyo akaagiza chipsi mayai, ambayo wenyewe waiita zege, amehamisha mwili wake tu. Na wenye hoteli wanaompikia, wakaweka mwishoni mwa orodha vyakula vya kwao kana kwamba ni aibu ya familia, wana lawama kubwa kuliko yeye, kwa kuwa yeye hajui na wao wanajua.

Kuna la serikali za mitaa pia, na sitaki kulipita kimya. Kila pwani inayopata wageni huja siku ambayo mtu mwenye kalamu huona kwamba mama lishe wanaharibu mandhari, na kwamba usafi wa mji utapatikana kwa kuwaondoa wao na majiko yao. Usafi ni faradhi, na sufuria isiyofunikwa haina utetezi wangu; lakini mpishi aliye hatua mia kutoka mnadani akihamishwa kilomita mbili, ndani ya jengo zuri la zege la kweli kweli, atalazimika kununua friji, na siku atakaponunua friji ataacha kushuka pwani kila siku, na siku atakapoacha kushuka pwani tutakuwa tumejenga hoteli nyingine ya ukuta. Mabomba ya maji safi, kivuli, choo, mahali pa kumwaga maji machafu na barafu kwa wavuvi vingegharimu kidogo, navyo vingemwacha pale pale alipo.

Wala nisionekane nawafundisha watu wa pwani kana kwamba nyumbani kwetu kumefagiliwa. Tangu Ikulu mpya ya Chamwino ilipozinduliwa Mei 2023 wageni wanafika hapa kwa wingi, wengine wakitoka huko huko pwani, nao hushuka wakauliza wapi pa kula, tukawaelekeza kwenye chipsi. Mlenda tumeuficha majumbani. Hatumwambii mgeni kwamba mlenda mbichi unataka miezi ya mvua, wakati unapochumwa shambani na umande, na kwamba wa kiangazi ni ule uliokaushwa ukatwangwa, ukapikwa kwa karanga, nao ni chakula kingine kabisa chenye heshima yake kando ya ugali wa uwele. Wala kwamba zabibu zetu huvunwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na anayezitafuta Juni anatafuta majani. Sisi pia tuna saa zetu, na zinahesabika kwa miezi. Mzee mmoja jirani yangu, nilipomweleza rai hii, aliniambia kwamba tatizo ni kuwa hakuna mtu anayependa kuuziwa kile alichokula kwa mama yake bure; nikamjibu kwamba mgeni hakukila kwa mama yetu, akacheka, akasema kesho atamwambia mkwewe aweke jiko karibu na stendi. Bado hajaliweka.

Mara ya mwisho kushuka Bagamoyo ilikuwa katika kaskazi iliyopita. Gari lilikawia njiani, nami nikafika chini ya mwembe ule saa tisa mchana, saa ile ile ya ujinga wangu wa zamani. Siku hizi anayepika ni binti wa yule mama, na mama mwenyewe huketi kwenye kigoda akichambua mchele. Sufuria zilikuwa zimekwisha kuoshwa, isipokuwa moja kubwa iliyorowekwa maji nusu.

"Shikamoo, babu. Leo umechelewa, maji yalijaa saa mbili asubuhi, watu wamekula mapema."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Nimekuja kusalimia tu."

Mama akainua uso kwenye ungo wake, akamwambia binti amwage maji yale na amkwangulie babu ukoko wa upande uliobaki mkavu. Binti akaukwangua, akautia katika bakuli pamoja na mchuzi wa chini ya chungu na kichwa cha changu walichokuwa wamejiwekea wenyewe, nami nikala nimesimama, nikitazama ngalawa iliyolala ubavu mbali mchangani, na mtoto aliyekuwa akiichezea usukani akaja kunawa mikono, akanitazama nikila, akaniambia bila ya kuulizwa kwamba maji yatarudi saa mbili usiku.